UZI: Nimeunda transmita ndogo ya AM ya kupimia redio za wateja, imenitesa wiki tatu

FundiNgarenaro — Jumapili, saa 3:40 usiku

Wadau habari za jumapili. Uzi ni mrefu kidogo, asiye na muda aendelee na chai yake.

Mimi ni fundi, kibanda changu kiko Ngarenaro hapa Arusha, natengeneza sabufa, redio, pasi, flati skrini, chochote kinacholetwa. Sasa kuna jambo lilinipata mwezi wa tatu nikaaibika. Alikuja mama mmoja wa Ngaramtoni na redio ya zamani ya betri nne kubwa, ina AM, FM na SW mbili, anasema haiongei kabisa. Nikafungua, nikakuta waya wa betri umekatika kwa kutu na kinobu cha sauti kimejaa vumbi, nikauunga kwa risasi, nikasafisha, FM ikaongea mpaka jirani wa chipsi akaja kuuliza bei. AM nikaijaribu, shwaaaaa. Nikasema hiyo kawaida, mchana pale kibandani AM ni shwaa tupu hata kwenye redio nzima. Nikamwambia mama iko poa, akanipa elfu nane yake akaondoka.

Siku ya tatu huyo karudi, kakasirika ila kwa ule upole unaoumiza kuliko kutukanwa. "Mwanangu, FM mimi siitaki. Mimi nasikiliza usiku nikikosa usingizi, na usiku hii haishiki kitu." Nikafungua tena mbele yake. Ile fimbo nyeusi ya feraiti yenye koili, ambayo ndo antena ya AM, uzi wake mmoja umekatika pale unapoingia kwenye bodi, uzi wenyewe mwembamba kama unywele. AM ilikuwa maiti toka siku ya kwanza na mimi nimeipa cheti cha uzima.

Lakini ningejuaje? Redio nzima mchana inafanya shwaa, redio mbovu nayo inafanya shwaa. Hapo ndo nikaona nahitaji stesheni yangu ya mezani, ndogo tu, isiyovuka mlango, nikiwasha najua AM ya mteja inashika au haishiki. Nimeipata ila imenila wiki tatu. Nikimaliza kula naleta jinsi nilivyofanya.

chalii_wa_sakina — Jumapili, saa 3:52 usiku

Aisee wiki tatu kwa ajili ya redio za mabibi? Si ungeagiza tu mashine ya kutoa signal mtandaoni mazee, nani anasikiliza AM siku hizi

FundiNgarenaro — Jumapili, saa 4:31 usiku

@chalii_wa_sakina hiyo mashine ya maana bei yake nanunua cherehani ya mke wangu na chenji inabaki. Na hao mabibi unaowacheka wanalipa keshi, nyie wa sabufa mnaniambia "fundi ntakurushia jioni" jioni yenyewe haifiki.

Haya tuendelee. Nilianza vibaya. Nilikuwa nimesoma kwamba njia rahisi kuliko zote ni kuchukua osileta ya kristali ya megahezi 1, kile kidude cha bati chenye miguu minne kinachotoa wimbi chenyewe, unakipa umeme kupitia trafo ndogo ya sauti, upande wa pili wa trafo unachomeka simu, unaning'iniza waya, kwisha. Na kweli hakuna kilicho rahisi kuliko hicho, shida nimezunguka mji mzima sikukipata. Nikaingia kwenye mabodi ya kompyuta za skrepa nikakuta ya megahezi 14.318, ya 25, hizo zote ziko mbali huko, AM yetu inaanzia kama kilohezi 530 inaishia 1600 na kidogo. Nikaachana nayo nikarudi kwenye transista, kitu ninachokijua.

Transista ni C945, nimeitoa kwenye pawasaplai ya kompyuta iliyokufa, zile za zamani humo zimejaa. Fimbo ya feraiti na koili zake pamoja na kapasita ya kuzungusha ya kutafutia stesheni nimetoa kwenye redio ya Kichina iliyokanyagwa na bodaboda (mwenyewe alikuja nayo kwenye mfuko wa rambo, nikamwambia pole). Trafo ni ile ndogo ya redio za zamani iliyokuwa inapeleka sauti kwenye spika. Betri ya mraba ya volti 9. Rizista na kapasita kila fundi anazo kwenye kopo la Blue Band.

Muungo wake ni hivi, nisomeni polepole. Transista ina miguu mitatu, kolekta, besi na emita. Koili kubwa ya kwenye feraiti inakaa kati ya chanya na kolekta, na ile kapasita ya kuzungusha imelala sambamba nayo, hizo mbili ndo zinaamua uko wapi kwenye AM. Koili ndogo, ile yenye mizunguko michache, mguu mmoja unaenda besi, mguu wa pili unaenda pale rizista mbili zinapokutana, 47k ikitoka chanya na 10k ikishuka hasi, na hapo hapo kapasita ya 103 kwenda hasi. Emita ina rizista ya 470 kwenda hasi, na antena ni waya wa mita moja tu. Basi. Koili kubwa ikitikisika, ndogo inairudishia transista kidogo ya kile kilichotoka, transista inakikuza, kinarudi tena, kinakuzwa tena, inakuwa inajizungusha yenyewe karibu mara milioni kwa sekunde.

Sasa sauti inaingiaje. Umeme wa chanya kabla ya kufika kwenye saketi unapita kwanza kwenye trafo, upande wa nyuzi nyingi. Upande wa spika wa trafo umeungwa na waya wa hedifoni kwenda kwenye simu. Simu ikiimba, volti zinazofika kwenye transista zinapanda na kushuka kufuata wimbo, na ukubwa wa wimbi linalotoka nao unapanda na kushuka. Hiyo ndo AM, hakuna uchawi mwingine hapo. Inakula kama miliampia 2 tu, kwa volti 9 hiyo ni miliwati 18, hata taa ya kiberiti cha gesi inakula zaidi.

Nikaunga, nikawasha, nikaweka redio pembeni. Shwaaa. Nikabadilisha transista, shwaa. Wiki ya kwanza yote imeisha hivyo, mke wangu akawa anaita hicho kidude "mgonjwa".

mangi_wa_pasua — Jumapili, saa 4:58 usiku

Fundi usiishie hapo bana. Mimi niko Moshi na nimewahi kuunga kitu kama hiki nikiwa form four, haikuongea mpaka leo, boksi liko chini ya kitanda kwa mama

FundiNgarenaro — Jumapili, saa 5:20 usiku

Tatizo lilikuwa la kijinga. Ile koili ndogo ina miguu miwili, ukiiunga upande mmoja inairudishia transista nguvu kwa wakati wake, kama mtu anayesukuma bembea ikiwa inaondoka. Ukiiunga kinyume inasukuma bembea ikiwa inakuja, kila ikitaka kuanza inazimwa. Nikageuza nyaya mbili tu, besi ikaenda kulikokuwa na rizista na rizista zikaenda kulikokuwa na besi. Nikiwa nazungusha redio, kufika karibu na 900, ile shwaaa ikanyamaza ghafla. Kimyaaa. Mimi nikajua redio imezima nikaanza kuigonga gonga! Kumbe ndo yenyewe. Wimbi likiwepo bila sauti, redio inalishika na kelele zote zinakaa pembeni. Ule ukimya ndo stesheni yako, ipo hewani ila mtangazaji hajaja.

Nikachomeka simu, kikapigwa kipande cha taarabu. Wallahi nilisimama. Sauti ilikuwa inatoka kama mtu anaimba ndani ya pipa la maji, lakini inatoka, mpaka kwa jirani wa chipsi.

Pipa nalo nimelitafuta siku nne. Pale trafo inapokutana na koili kubwa unatakiwa kuweka kapasita kwenda hasi ili wimbi lisirudi nyuma kwenye trafo. Mimi nikaweka 104 kwa mazoea ya mkono. Hiyo ni kubwa, mara kumi ya 103, inakula na sauti nyembamba zote, zinabaki zile nzito tu. Nikaweka 103, sauti ikafunguka. Halafu kukawa na mngurumo, ngrrrrr, nikalaumu trafo, nikalaumu betri, kumbe simu ilikuwa kwenye chaji. Ukichomoa chaji mngurumo unaondoka. Na sauti ya simu usiifikishe mwisho, volti zinashuka mpaka transista inakata pumzi katikati ya wimbo, inakwaruza vibaya. Mimi naishia nusu na kidogo.

Kesho kazi, nalala.

binti_saketi — Jumatatu, saa 1:15 asubuhi

Kaka Fundi hongera sana, maelezo ya bembea nayaiba nikawafundishe wenzangu chuoni. Nasoma umeme hapa hapa Arusha.

Niongezee mawili. Kwanza kwa nini mchana unapata shwaa. Masafa ya AM mchana yanafyonzwa na tabaka la chini la anga linalotengenezwa na jua, kwa hiyo unachoshika ni kile kinachotambaa ardhini tu kutoka karibu. Jua likizama lile tabaka linapotea, mawimbi yanafika tabaka la juu yanadunda kurudi chini, ndo unashika stesheni za mbali kabisa. Kwa hiyo yule mama na wewe mlikuwa mnapima redio moja kwenye anga mbili tofauti, usijilaumu sana.

Pili, kwenye hesabu yako. Koili ya feraiti ikiwa kama maikrohenri 250 na kapasita ikiwa imezungushwa kwenye pikofaradi 100 unaangukia kama megahezi 1. Ukiongeza kapasita mara nne unashuka nusu, sio robo, kwa sababu kuna kipeuo cha pili hapo katikati. Watu wengi wanashangaa wanazungusha sana halafu haiendi mbali.

Ila swali, ukisogeza mkono karibu na koili haihami?

FundiNgarenaro — Jumatatu, saa 1:40 asubuhi

Inahama dada angu, inahama mpaka inaudhi. Mkono ukikaribia inateleza kama sabuni. Nimeifunga ndani ya kopo la plastiki la ice cream na sasa inatulia kiasi. Ukiweka kopo la bati feraiti inafungiwa ndani, nimejaribu, ikafa.

Af kitu kingine, nimepoteza jioni nzima nikidhani imekufa kumbe redio ya kupimia nimeilaza imepishana na transmita, fimbo moja inaelekea mlangoni nyingine inaelekea ukutani. Zikipishana hivyo kama msalaba hazisikilizani. Ukizigeuza zielekee upande mmoja, sambamba, inarudi. Sasa nimechora mstari wa chaki mezani.

mangi_wa_pasua — Jumatatu, saa 6:05 mchana

Wakuu nimeenda kulitoa lile boksi la form four kwa mama. Nimenunua BC547 tatu hapa Moshi maana C945 sijapata, nimechomeka pale pale kwenye matundu ya C945, nyaya za koili nimegeuza huku na huku. Hola. Betri mpya. Nifanyeje, nishaanza kukata tamaa mara ya pili maishani

Mzee_wa_Mawimbi — Jumatatu, saa 7:30 mchana

Mangi usikate tamaa. Shika transista uso ulio bapa ukutazame, miguu iko chini. BC547 kuanzia kushoto ni kolekta, besi, emita. C945 ni emita, kolekta, besi. Umezichomeka kwenye matundu yale yale, kwa hiyo umempa mtu kofia avae mguuni. Panga miguu upya. Kama haijaungua itafanya kazi, na kwa volti 9 kupitia rizista hizo naamini haijaungua.

mangi_wa_pasua — Jumatatu, saa 8:12 mchana

MZEE SHIKAMOO. Imenyamaza kwenye 1100 hapo!!! Yaani miaka kumi na moja kitu kimekaa chini ya kitanda kwa ajili ya miguu ya transista. Mama anauliza napigia nani kelele

Mzee_wa_Mawimbi — Jumatatu, saa 8:40 mchana

Marahaba. Msalimie mama.

Sasa nami niseme kidogo, maana nilianza kazi hii zamani, enzi ambazo kiwanda cha Philips kilikuwa kinaunganisha redio hapa hapa Arusha, vijana mnashuka kituo cha Philips hamjui jina limetoka wapi. Wakati ule fundi alikuwa hana mashine yoyote zaidi ya mita ya mshale. Tulipima AM vipi? Mwanangu wa Ngarenaro, umefanya kazi nzuri na sikubezi, lakini transmita ulikuwa nayo mezani siku zote.

Kila redio ya AM ya kawaida ina osileta yake ndani. Ukiiweka mshale kwenye 600, ile osileta inacheza juu yake kwa kilohezi 455, yaani 1055. Na inavuja kidogo nje, haikosi kuvuja. Chukua redio nzima, iweke kwenye 1055, iache ifanye shwaa. Sogeza redio mbovu, yaani mgonjwa, ubavuni mwake, zungusha mshale wa mgonjwa taratibu kupita pale kwenye 600. Ukisikia redio nzima imenyamaza ghafla au imepiga kelele ya filimbi, jua osileta ya mgonjwa iko hai. Isiponyamaza popote, ugonjwa uko kwenye osileta, tafuta kile kikopo chenye kichwa chekundu na transista yake. Zoezi linachukua dakika moja na halina gharama.

FundiNgarenaro — Jumatatu, saa 9:02 alasiri

Mzee shikamoo. Nimesoma hii nimekaa chini. WIKI TATU.

Nimejaribu sasa hivi na redio mbili. Imenyamaza kweli.

chalii_wa_sakina — Jumatatu, saa 9:10 alasiri

😂😂😂😂 fundi pole, "mgonjwa" kumbe alikuwa daktari

Mzee_wa_Mawimbi — Jumatatu, saa 9:25 alasiri

Marahaba mwanangu. Usihuzunike, wiki tatu hazijapotea. Hiyo njia yangu inakuambia osileta iko hai, haikuambii kama koili ya feraiti imekatika. Redio ya yule mama ingepita kwenye mtihani wangu vizuri kabisa na bado ingekuwa kiziwi. Yako ndiyo ingemkamata, kwa sababu yako inaingilia mlangoni kama stesheni inavyoingia. Kwa hiyo tumia zote mbili, yangu kwanza halafu yako.

Na nikuongezee. Rimoti mbovu za TV usizitupe. Fungua, nyingi zina kidude kidogo cha miguu miwili kimeandikwa 455, rangi ya njano au bluu. Hicho ni risoneta ya kilohezi 455, masafa yale yale ya vikopo vya IF (masafa ya kati) kwenye redio zako. Ukitengeneza osileta ndogo kwa hicho kidude unapata kipimo cha kuwekea sawa vile vikopo vya njano, vyeupe na vyeusi, bila kubahatisha kwa sikio. Watu wamehangaika kwa bisibisi kwenye vikopo hivyo mpaka wakavunja vichwa, na jibu lilikuwa ndani ya rimoti jalalani.

binti_saketi — Jumatatu, saa 10:48 jioni

Mzee shikamoo, hii ya rimoti nimeiandika kwenye daftari. Na osileta ya hicho kidude isipokuwa safi sana itatoa pia mara mbili yake, 910, ambayo iko katikati ya AM kabisa. Kwa hiyo Kaka Fundi hata ukikosa kristali ya megahezi 1 una sehemu isiyoteleza kama sabuni.

Af mwenye bahati ya kupata ile osileta ya bati ya megahezi 1, mjue mambo mawili. Imetengenezwa kwa volti 5, watu wanaipa 9 inafanya kazi huku inaungua vidole, mimi ningeweka betri ndogo tatu, volti 4.5. Na kwenye redio za namba huipati kwenye 1000, maana huku kwetu stesheni za AM zinapishana kwa kilohezi 9, redio inaruka 990, 999, 1008. Simama kwenye 999, itasikika.

dereva_noah_tz — Jumanne, saa 12:20 asubuhi

Hapo kwenye redio za namba mmenigusa. Noah yangu redio yake ni ya Kijapani, FM inaishia 90 kwa hiyo stesheni nyingi za hapa sizipati, ila AM ipo na inaruka kwa tisa tisa kama alivyosema dada. Haina shimo la waya wa simu. Naweza kuweka hiki kidude kwenye dashibodi nikapiga nyimbo zangu kwenye AM? Abiria wa Moshi hawataki kimya

FundiNgarenaro — Jumanne, saa 12:45 asubuhi

Utasikia nyimbo na utasikia injini vilevile, AM inashika kila cheche ya plagi. Na antena ya gari iko nje, kidude kiko ndani ya bati. Inawezekana ukisogeza waya karibu na antena ila kwa kweli kaka nunua redio ya elfu thelathini yenye bluetooth ukae kwa amani. Nasema hivi na nakosa hela yako.

mtumishi_mianzini — Jumanne, saa 2:30 asubuhi

Bwana asifiwe wapendwa. Uzi umenibariki. Tuna kikundi cha maombi cha alfajiri, wazee wengi hawawezi kutembea kuja. Je hiki kifaa mkiongeza transista kubwa na antena ndefu hakiwezi kufika mtaa mzima, hata mpaka Sakina? Gharama tutachangishana.

chalii_wa_sakina — Jumanne, saa 2:41 asubuhi

Mtumishi msifike Sakina alfajiri tafadhali 🙏

kijana_wa_sheria — Jumanne, saa 3:15 asubuhi

Hapana hapana, tusimpeleke mtumishi pabaya. Masafa nchi hii yanasimamiwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kuna sheria ya mawasiliano ya kielektroniki na posta ya mwaka 2010, kurusha matangazo mtaani bila leseni ni kosa na nia njema haikuoshi. Redio za jamii zipo na zina leseni zake, kama mnataka kweli nendeni ofisi za TCRA mkaulize utaratibu. Na wale mtakaokuja hapa na "nimesoma inaruhusiwa miliwati 100 na antena ya mita 3", hiyo ni sheria ya Marekani jamani, Mianzini sio Marekani. Hata Fundi kwa kidude chake ningemshauri akiache kiwe kidogo hivyo hivyo, ndani ya kibanda.

Mzee_wa_Mawimbi — Jumanne, saa 4:00 asubuhi

Kijana amesema kweli, nami naongeza la ufundi. Wimbi la kilohezi 1000 lina urefu wa mita 300. Antena yake ya haki, ile ya robo, ni mita 75 kwenda juu, na chini yake nyaya za ardhini zimetandazwa kama miguu ya buibui. Ndiyo maana waya wa mita moja unafika kwa jirani wa chipsi tu, karibu nguvu yote inaishia kuwa joto. Ukikosa antena ukaamua kuongeza nguvu, unachoongeza zaidi ni uchafu, maana osileta za namna hii zinatoa pia mara mbili na mara tatu ya masafa yake, utaingia kwa watu usiowajua. Na chini kidogo ya AM kuna masafa ya minara ya kuongozea ndege. Sisi tunakaa katikati ya viwanja vya ndege vya Kisongo na KIA, tusicheze hapo.

Mtumishi, kwa wazee wasiotembea, wapigieni simu mkiwa kwenye maombi muiweke karibu na mhubiri. Mama yangu alikuwa anafanyiwa hivyo na alikuwa anaimba kuliko waliokuwepo.

mtumishi_mianzini — Jumanne, saa 4:22 asubuhi

Amina mzee. Nimeelewa. Tutatumia simu.

binti_saketi — Jumanne, saa 1:05 usiku

Kaka Fundi swali la mwisho, umefika mita ngapi kwa waya wa mita moja? Nataka niunge ya kwangu wikiendi nilinganishe. Na waya umeufunga wapi?

FundiNgarenaro — Jumanne, saa 2:10 usiku

Waya umefungwa kwenye kolekta kupitia kapasita ndogo ya pikofaradi 22, ukiufunga moja kwa moja bila hiyo kapasita kila ukigusa waya stesheni inahama. Bila waya inashika meza ile ile, kama mita moja na nusu. Na waya, nilikuwa najua inaishia kwa chipsi, kama mita nane. Ila leo nimegundua kitu.

Jumamosi jioni nilifunga kibanda nikachomoa simu yangu nikaondoka, kidude nikakisahau kimewaka, na miliampia 2 kwa betri ile ni siku na siku. Leo asubuhi nafika, mlinzi wa hilo ghorofa la pembeni, mzee wa Kimasai ana kiredio chake kidogo anakesha nacho, akaniita. "Fundi, wewe si unajua redio? Kuna stesheni mpya pale kwenye mia tisa. Jumamosi haikusema kitu. Jumapili haikusema kitu. Jana nimeisubiri mpaka saa kumi usiku. Wanaanza lini?"

Nikamwambia ngoja niulizie. Nimeingia ndani nimekizima, nimeenda dukani nimenunua swichi ya mia tano na kitaa chekundu. Jioni natoka ananiambia, "wameondoka wale, hata kuaga hawakuaga."